Kuona Kisichojitokeza: Rangi, Mwanga na Tarakilishi katika Uchunguzi wa Utumbo Mpana

Utangulizi

Saratani ya utumbo mpana ina sifa moja inayoitenga na saratani nyingine nyingi. Aghalabu hutanguliwa na kinundu kidogo kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo, kikakaa hapo kwa miaka kumi hivi au zaidi bila kumuuma mwenyewe, ndipo baadhi ya vinundu vya namna hiyo vikageuka saratani. Katika kipindi hicho chote kinundu huweza kuonekana kwa macho na kukatwa, na mwenye utumbo akarudi kwake jioni hiyo hiyo. Ni magonjwa machache mno yanayompa daktari muhula mrefu kiasi hicho.

Pamoja na muhula huo, makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yanaonyesha kwamba mwaka wa 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru, na wapatao 900,000 wakaaga dunia kwayo. Nchini Kenya wengi wetu tunamkumbuka Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, ambaye mwaka wa 2019 alitangaza hadharani kwamba anaugua maradhi haya na kwamba yamefika awamu ya nne. Alifariki Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 41.

Swali linalozuka basi ni hili: ikiwa kinundu kinaonekana, mbona hakionwi? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kufafanua mbinu zinazotumiwa kukifichua kinundu wakati wa kolonoskopia, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa mrija wenye kamera. Huenda msomaji akajiuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina hisa gani katika matumbo ya watu. Hisa yetu ipo, na tutaifikia, lakini haiwezi kueleweka kabla ya kufahamu jinsi mbinu zenyewe zinavyofanya kazi.

Kinundu na mrija

Matabibu hutumia neno polipu kwa uvimbe wowote unaochomoza kwenye utando wa utumbo. Hapa tutatumia kinundu, neno ambalo halimlazimu msomaji kufungua kamusi. Si kila kinundu ni cha kutisha. Vipo visivyo na madhara yoyote. Vinavyosakwa hasa ni adenoma, vinavyotokana na tezi za utando huo, pamoja na vinundu bapa ambavyo tezi zake, zikitazamwa kwa hadubini, zina kingo za meno ya msumeno. Vinundu vyenye shina, vilivyosimama kama uyoga, havimsumbui mtazamaji. Taabu huletwa na vile vilivyolala bapa, vya rangi inayokaribiana na ya ukuta vilipoota, wakati mwingine vikiwa vimejifunika ute. Kukitafuta kinundu cha aina hiyo ni sawa na kutafuta kiraka cha kitambaa kile kile kwenye vazi lililokunjamana.

Chombo cha kutafutia ni mrija unaopindika, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, unaopitishwa katika njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale kidole tumbo kinapochomoza. Kazi hasa ya kutazama hufanywa mrija unaporudishwa nje. Ndani ya mrija mna mfereji mwembamba wa kupitishia kitanzi cha waya. Kinundu kikionekana, hunaswa na kukatwa papo hapo, kisha kikapelekwa maabara.

Chombo hiki hakikuzuka siku moja. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, waliunda mrija wa kwanza wa nyuzi za kioo mwaka wa 1957, na inasemekana aliumeza yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mrija huo ulikuwa wa tumbo la juu. Mwaka wa 1969, jijini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walifanikiwa kukata kinundu cha utumbo mpana kwa kitanzi bila kumpasua mgonjwa. Mnamo 1983 kampuni ya Welch Allyn ilileta mrija wenye kamera ndogo nchani, na picha ikahama kutoka kwenye tundu la kuchungulia ikaenda kwenye skrini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango wa yote tutakayoyaeleza, kwa sababu picha iliyo kwenye skrini inaweza kubadilishwa rangi, kukuzwa na hata kusomwa na mashine.

Kwamba kuondoa vinundu kunaokoa maisha si dhana tupu. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 1993 uliwafuatilia watu 1,418 waliokatwa adenoma, ukabaini kuwa saratani ziliwapata kwa kiwango cha chini mno kuliko ilivyotarajiwa. Ripoti ya mwaka wa 2012 kutokana na mradi huo huo ilikadiria kwamba vifo vilivyotokana na saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 53.

Jicho linapokosa

Mwaka wa 1997 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio sahili lakini la kuaibisha kidogo. Wagonjwa 183 walifanyiwa kolonoskopia mara mbili siku moja. Ilidhihirika kwamba katika awamu ya kwanza asilimia 24 ya adenoma zilikuwa zimepitwa. Kubwa, zenye kipenyo cha sentimita moja au zaidi, zilipitwa mara chache, yapata asilimia 6. Uchambuzi wa mwaka wa 2019 uliokusanya tafiti nyingi za aina hiyo ulipata asilimia 26. Yaani miongo miwili ya kamera bora zaidi haikuwa imeziba pengo.

Kukosa huku kuna sura mbili, na hapa Kiswahili kinatupa msamiati wa kuzitenganisha. Ya kwanza ni kutoonekana: kinundu kilikuwa nyuma ya mkunjo wa utumbo au chini ya uchafu, na kamera haikukipata kamwe. Ya pili ni kutoonwa: kinundu kilipita mbele ya kamera, kikawa kwenye skrini kwa sekunde kadhaa, lakini jicho la daktari halikukitenga na mandhari yake. Kuna pia jambo la tatu, nalo ni kutambua: kinundu kimeonwa, sasa yapasa kuamua ni cha aina gani. Mbinu nyingi husifiwa kwa pamoja kana kwamba zinatibu yote matatu. Ukweli ni kwamba karibu kila mbinu ina moja inaloliweza vyema, na makosa mengi katika mijadala ya vifaa hivi hutokana na kuchanganya kuonekana, kuonwa na kutambuliwa.

Nili ukutani

Mbinu kongwe zaidi ndiyo isiyohitaji mtambo mpya. Daktari hupitisha rangi ya buluu katika mfereji wa mrija na kuinyunyiza ukutani. Wajapani ndio waliotangulia kuikuza mbinu hii, na rangi waliyoipenda ni indigo kamini, ambayo asili yake ni nili. Wazungumzaji wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa nili ni nini. Ni rangi ile iliyotiwa katika maji ya kusuuzia nguo nyeupe.

Nili ya hospitali haifyonzwi na chembe za utumbo. Hutiririka na kutuama katika vijibonde na mifereji midogo ya utando, ikaacha miinuko ikiwa na rangi yake ya asili. Ukingo wa kinundu bapa, ambao awali ulikuwa haupo machoni, sasa unachorwa kwa mstari wa buluu. Methilini ya buluu hufanya kazi kwa njia tofauti: hii hufyonzwa na chembe zenyewe, na chembe zilizoanza kuharibika huifyonza kwa namna isiyolingana na majirani zao.

Katika miaka ya 1990, Shin-ei Kudo wa Japani aliunganisha rangi hizi na kamera za kukuza, akachunguza vitundu vidogo vya tezi vilivyo juu ya kila kinundu na kuvipanga katika aina tano. Vitundu vya duara ni vya utando wa kawaida. Vyenye umbo la nyota kwa kawaida ni vya vinundu visivyo na madhara. Vilivyorefuka kama mirija, au vilivyojikunja kama mikunjo ya ubongo, huashiria adenoma. Pale ambapo mpangilio umevurugika au umefutika kabisa, daktari ana sababu ya kuhofia kuwa saratani imekwisha kuingia. Kazi ya Kudo ilithibitisha pia kwamba vipo vinundu vilivyobonyea ndani badala ya kuchomoza, na kwamba hivi, ijapokuwa ni vidogo, huwa na hatari kubwa kuliko ukubwa wao unavyodokeza.

Kasoro ya nili ni muda. Kuupaka utumbo wote, kufyonza ziada, kisha kutazama upya, huongeza dakika ambazo foleni ya wagonjwa haina. Ndiyo maana hutengewa zaidi wale walio katika hatari kubwa, kama vile wenye uvimbe sugu wa utumbo wa miaka mingi, ambao vinundu vyao huwa bapa na vya kutawanyika. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mbinu hii inadharauliwa mno. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya mitambo, na hospitali isiyo na kamera ya kisasa inaweza kuitumia leo.

Mwanga uliochujwa

Je, inawezekana kupata tofauti ya rangi bila kupaka rangi? Swali hili ndilo lililozaa mbinu ya mwanga wa ukanda mwembamba, ambayo hujulikana kote kwa kifupisho NBI. Kampuni ya Olympus na Kituo cha Taifa cha Saratani cha Japani zilianza kuishughulikia mwishoni mwa miaka ya 1990, na vyombo vyake vikaingia sokoni katikati ya mwongo uliofuata.

Msingi wake ni tabia ya damu. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Hemoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake, haifyonzi rangi zote kwa kiasi sawa. Hufyonza kwa nguvu zaidi mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 415 hivi, ulio kati ya urujuani na buluu, na tena ule wa nanomita 540 hivi, ambao ni kijani. NBI huziba mawimbi mengine na kuacha kanda hizi mbili tu. Mwanga wa kwanza haupenyi mbali. Huishia kwenye juujuu ya utando, hivyo vishipa vidogo vya hapo huonekana vya hudhurungi. Ule wa pili huzama zaidi, na mishipa ya chini ikaonekana kwa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani.

Kinundu kinachokua kinahitaji damu, na kinapohitaji damu hujijengea vishipa. Hiyo ndiyo siri inayomsaliti. Chini ya mwanga huu adenoma kwa kawaida huonekana ya hudhurungi kuliko utando ulioizunguka, huku vishipa vikizunguka vitundu vyeupe. Kinundu kisicho na madhara hubaki na rangi ya jirani zake au huwa cheupe zaidi. Kilicho cheusi na chenye vishipa vilivyokatikakatika hutia wasiwasi mkubwa. Daktari hubonyeza kitufe tu, na mandhari yote ikabadilika. Kampuni nyingine zimebuni mbinu za kukaribiana na hii. Baadhi hazichuji mwanga kwenye chanzo chake bali huacha tarakilishi iichambue picha baada ya kunaswa.

Je, NBI huongeza vinundu vinavyoonwa? Majaribio ya mwanzo yalitoa majibu yaliyokinzana, kwani mwanga wenyewe ulikuwa hafifu na utumbo mpana ni pango kubwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2019, ukiunganisha majaribio 11 ya watu 4,491, ulionyesha kwamba adenoma zilipatikana kwa asilimia 45.2 ya waliochunguzwa kwa NBI, na asilimia 42.3 ya waliochunguzwa kwa mwanga mweupe wa kamera bora. Tofauti ipo, lakini si ya kupigiwa vigelegele. Nguvu halisi ya NBI imo katika kutambua kilichokwisha kuonwa. Jambo la kutia maanani zaidi katika uchambuzi huo ni kwamba manufaa yalikuwa makubwa pale utumbo uliposafishwa vizuri kabisa. Sababu yake si ngumu: chini ya mwanga huu mabaki ya choo na nyongo huonekana mekundu, mithili ya damu, na kumpoteza mtazamaji.

Ipo pia hadubini ya leza inayowekwa kwenye ncha ya mrija, iliyoelezwa na watafiti wa Ujerumani mwaka wa 2004, inayokuza chembe takriban mara elfu moja mgonjwa akiwa kitandani. Ni ajabu ya kutazama. Lakini huwezi kulikagua pori kwa kutazama jani moja moja, na mbinu hii imebaki ya vituo vichache.

Tarakilishi yenye jicho

Mashine inayojifunza imeleta sura mpya. Hapa wenzetu wa istilahi bado wanavutana: akili bandia, akili unde, akili mnemba. Vyovyote tutakavyoiita, utaratibu wake ni kwamba programu hulishwa maelfu ya picha za utumbo ambazo wataalamu wamekwisha kuonyesha kinundu kiko wapi. Baada ya hapo huitazama picha ya moja kwa moja kwenye skrini na kukizungushia mraba kila kinachofanana na kinundu. Haiendeshi mrija wala haikati chochote. Haioni nyuma ya mkunjo. Dawa yake ni ya ile sura ya pili tu, ya kutoonwa.

Kwa hilo, imefaulu. Katika jaribio la nchini Uchina lililochapishwa mwaka wa 2019, watu 1,058 walipangwa kwa sadfa katika makundi mawili. Adenoma zilipatikana kwa asilimia 29.1 ya waliochunguzwa kwa msaada wa programu, na asilimia 20.3 ya wengine. Yafaa kuongeza kwamba nyingi za ziada zilikuwa ndogo sana. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2021 Marekani iliidhinisha programu ya kwanza ya aina hiyo kutumika hospitalini.

Mwaka wa 2025 zilitoka habari za kutuliza shangwe. Watafiti waliangalia vituo vya Poland vilivyokwisha kuzoea programu hizo, wakachunguza kolonoskopia ambazo madaktari walizifanya bila msaada wake. Kabla ya programu kuletwa, madaktari walipata adenoma kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya kuizoea, walipofanya kazi peke yao, kiwango kilishuka hadi asilimia 22.4. Utafiti mmoja hautoshi kutoa hukumu, lakini dokezo lake ni zito: jicho linaloonyeshwa kila kitu huenda likaacha kutafuta.

Dakika sita, haluli na lugha

Mbinu zote tulizozieleza zina sharti moja la pamoja, nalo halihusu kamera. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, madaktari 12 wa jimbo la Illinois walipimwa kwa muda waliotumia kuurudisha mrija. Waliotumia wastani wa dakika sita au zaidi walipata vinundu vya hatari kwa asilimia 28.3 ya wagonjwa. Waliofanya haraka walipata kwa asilimia 11.8. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile iliyoletwa na NBI, na gharama yake ni subira. Halafu mwaka wa 2014, uchambuzi wa kolonoskopia 314,872 zilizofanywa na madaktari 136 ulionyesha kwamba kila asilimia moja ya ziada katika uwezo wa daktari kupata adenoma iliambatana na upungufu wa asilimia 3 wa hatari ya mgonjwa wake kupata saratani baadaye. Uhodari wa jicho, basi, ni suala la uhai.

Sharti la pili liko mikononi mwa mgonjwa: utumbo uwe safi. Husafishwa kwa haluli, kwa kawaida nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya uchunguzi, baada ya siku kadhaa za chakula kisicho na mbegu wala nyuzinyuzi. Hapo ndipo hisa yetu ilipo. Nili, NBI na programu ghali kuliko zote hazioni kitu kupitia tope, na tope huondolewa kwa maagizo yaliyoeleweka.

Maagizo ya Kiswahili yanayotolewa kwa mdomo au kwa karatasi mara nyingi husema ale chakula chepesi, asile kitu kizito. Mgonjwa mtiifu hunywa uji. Katika Kiswahili cha kila siku uji ni chakula chepesi, tena cha wagonjwa. Kwa kamera, uji ni ukungu. Kilichokusudiwa ni kinywaji angavu, na angavu nalo ni neno ambalo watu wengi hulikuta katika ushairi kuliko jikoni. Isitoshe, mgonjwa huambiwa aendelee kunywa dawa mpaka awe safi, lakini hakuna anayemweleza usafi huo unafananaje, kwa kuwa tasfida inamzuia muuguzi kutaja choo mbele ya mtu anayelingana na baba yake. Tasfida ni pambo tukufu la lugha yetu, na wanaisimujamii wetu wameifafanua vya kutosha. Katika chumba hiki, hata hivyo, husababisha uchunguzi kuahirishwa, na aliyesafiri kutoka mbali akarudi nyumbani na kinundu chake.

Ningependekeza wanachama wanaotafuta mada za tasnifu wayakusanye maagizo haya kutoka hospitali mbalimbali na kuyajaribu kwa wasikilizaji halisi. Mifano ya kuanzia si migumu. Badala ya chakula chepesi: siku ya kujiandaa usile kabisa, kunywa maji, chai isiyo na maziwa, au supu iliyochujwa, na usinywe uji, maziwa wala kinywaji chekundu. Badala ya kinywaji angavu: kinywaji ambacho ukikitia katika gilasi unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Na badala ya mpaka uwe safi, muuguzi aseme kwa adabu lakini bila kuzunguka: baba, endelea mpaka choo kitoke maji matupu ya manjano kama mkojo, yasiyo na chembe yoyote ndani yake, ukiona bado kuna vipande, tupigie simu kabla hujatoka nyumbani.